Mpaka wetu ukifika baharini unaelekea wapi? Rula ya mwanafunzi wangu imeingia Pemba

Mwalimu_wa_Rau (Moshi)

Wakuu, kwema? Uzi huu ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi baadaye.

Nafundisha Jiografia sekondari hapa Moshi. Muhula huu tuliwapeleka kidato cha tatu Ziwa Chala, kule Rombo. Tukasimama juu ukingoni, maji yametulia chini kama sahani ya buluu, nikawaambia mpaka wetu na Kenya unapita katikati ya maji yale. Wakakodoa macho kutafuta mstari. Binti mmoja mkimya akauliza, "Mwalimu, sasa huu mpaka ukifika baharini unaelekea wapi?" Nikamjibu kwa haraka kwamba unaendelea tu.

Jumatatu akanifuata ofisini na ramani ya ukutani ameikunja kwapani. Ameweka rula Ziwa Jipe, akaishusha mpaka mdomo wa mto Umba ambapo nchi kavu inaishia, halafu hakuinua penseli. Akaendelea moja kwa moja majini, kama nilivyomwambia. Penseli imekwenda kuingia kisiwa cha Pemba, jirani kabisa na Wete. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo kaskazini mwa Pemba ni Kenya?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na iliniuma, maana swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu la Chala ndilo lililokuwa bovu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila jioni. Naweka hapa nilichokipata kwa sababu nina hakika walimu wengi tunapita juu juu.

Kwanza, ule mstari wa nchi kavu. Ni wa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili. Wakauanzisha mdomo wa Umba, wakaupeleka Jipe, wakauzungusha chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha moja kwa moja hadi Ziwa Victoria kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini. Ulichorwa kutoka pwani kwenda bara. Hakuna aliyeukusudia ugeuke nyuma uendelee majini. Mwelekeo wa mpaka wa nchi kavu hauvuki ufukwe, na hilo ndilo lililonipita miaka yote ninayofundisha.

Baharini kuna utaratibu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, Desemba 1982, ukaanza kutumika Novemba 1994. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Humo kila nchi ya pwani ina bahari ya kitaifa isiyozidi maili 12 za baharini, na ukanda wa kiuchumi usiozidi maili 200. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo 12 ni kama kilomita 22 na 200 ni kama kilomita 370. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tumejitangazia maili 50 za bahari ya kitaifa, mwaka 1973, kisha sheria yetu ya 1989 ikashuka hadi 12 na kuweka ukanda wa 200.

Sasa maili hizo zinahesabiwa kuanzia wapi? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote.

Mzee mmoja jirani yangu alifanya kazi melini zamani, anayo chati ya bahari ya upande wa Tanga. Akaitandaza mezani, tukaibana pembe kwa vikombe vya chai. Wakuu, ile siyo ramani tunayoijua. Nchi kavu imepakwa njano iliyofifia na karibu haina kitu, mnara, kilele cha kilima, basi. Habari zote ziko majini. Namba ndogo ndogo zimetapakaa kama mchanga, kila moja ni kina cha maji mahali pale. Na kati ya ile njano na buluu kuna ukanda wa kijani. Nikadhani ni mikoko. Mzee akasema hapana, hiyo ni sehemu inayokauka maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Ndani ya kijani namba zimepigiwa mstari chini, na maana yake inageuka: siyo kina tena, ni urefu ambao mwamba au mchanga unasimama juu ya maji yakiwa yamepwa kabisa.

Ukingo wa nje wa ile kijani ndio mwanzo wa kila kitu. Ibara ya 5 ya Mkataba inasema mstari wa msingi wa kawaida ni mstari wa maji kupwa kama ulivyochorwa kwenye chati ya kipimo kikubwa ambayo nchi yenyewe inaitambua rasmi. Yaani sheria haikupeleki ufukweni, inakupeleka kwenye chati. Mahali mchora chati alipoweka ukingo wa kijani ndipo maili 12 zinapoanzia, na maili 200 pia.

Nikatoka kwa yule mzee jioni, mawingu yamefunguka na Kibo inaonekana yote. Mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila mtoto wa Moshi anaijua. Lakini usawa upi? Urefu wa mlima unahesabiwa kutoka usawa wa wastani, kati ya kupwa na kujaa. Kina cha kwenye chati kinahesabiwa kutoka karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji. Sifuri ya mlima na sifuri ya chati ni mbili tofauti, na pwani yetu zinaachana kwa karibu urefu wa mtu. Nimefundisha neno "usawa wa bahari" kila mwaka na sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba bahari haina usawa mmoja.

Karibuni.

Mtoto_wa_Moa (Arusha)

Shikamoo mwalimu. Mie ni mzaliwa wa Moa, Mkinga, kijiji cha mwisho mwisho kabla ya Kenya. Sasa niko Arusha, nauza samaki Kilombero. Umenigusa, maana hayo ya kijani mie nimeyatembea kwa miguu.

Ongeza hili. Kupwa nako si kumoja. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji yanatoka yakaenda mbali ati, watu wanaenda kuchokoa pweza kwenye mwamba usiouona wiki nzima iliyotangulia. Maji mafu hayaendi popote, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Sasa huo mstari ni wa kupwa ipi? Na mafungu ya mchanga yanayotoka bamvua tu, hayo yanahesabiwa?

Mwalimu_wa_Rau

Marahaba, ndugu yangu. Chati nyingi siku hizi zinachukua kiwango cha chini kabisa kinachotabirika, kwa hiyo ni kupwa kwa bamvua, na bamvua kubwa hasa. Mwamba wenu wa pweza umo ndani ya kijani.

Mafungu yana ibara yake, ya 13. Fungu linalotoka maji yakipwa na kuzama yakijaa, likiwa ndani ya maili 12 kutoka bara au kisiwa, ukingo wake unaweza kutumika kama mwanzo wa kuhesabia. Likiwa mbali zaidi ya hapo halipati bahari ya kitaifa yake lenyewe. Hivyo fungu moja la mchanga likikaa mahali pazuri linaweza kuusukuma mpaka wa nchi nje kwa kilomita kadhaa.

Kisiwa ni kile kisichofunikwa maji yakijaa. Kusini mashariki mwa Unguja kuna Fungu Kizimkazi, chati za Wazungu zinakiita Latham. Kidogo sana, ndege wa baharini wanatagia pale. Jina lake ni fungu lakini maji kujaa hayakifuniki, kwa hiyo kwa sheria ni kisiwa, na kisiwa kina maili zake 12. Kama kinastahili na 200 ni hoja nyingine, kwa sababu Mkataba unasema mwamba usioweza kukalisha watu wala kuwa na uchumi wake wenyewe haupati ukanda wa kiuchumi.

Mpima_wa_Sakina (Arusha)

Mwalimu, hongera, uzi umeshiba. Mimi ni mpima ardhi, nataka tuzungumze kuhusu unene wa kalamu.

Ramani ya ukutani ya Tanzania yenye kipimo cha 1:2,000,000, milimita moja ni kilomita 2. Bahari ya kitaifa ya maili 12 inakuwa milimita 11, upana wa kidole. Ukanda wa maili 200 unakuwa sentimita 18 na nusu kutoka pwani. Ukiangalia ramani nyingi, karatasi inaishia kabla ya hapo, au mahali hapo pamewekwa kisanduku cha ufunguo na picha ya twiga. Ndiyo maana watoto hawauoni. Takwimu zinazotajwa na serikali ni kilomita za mraba kama 223,000 za ukanda wa kiuchumi, karibu robo ya ukubwa wa nchi yenyewe, na tumepaweka twiga.

La pili ni mfumo wa kuratibu, yaani msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya Arc 1960, vifaa vya GPS vinatumia WGS 84. Namba zile zile za latitudo na longitudo, ukizisoma kwenye mfumo mmoja na kuziweka kwenye mwingine, unahama takriban mita 300 kwa eneo letu. Shambani Kisongo mita 300 ni kesi ya mahakamani. Mikataba ya baharini ya miaka ya sabini inataja nukta kwa nyuzi, dakika na sekunde. Ukitaka kuzichora, lazima kwanza ujue ni sekunde za mfumo gani.

Mwalimu_wa_Rau

Mpima, asante sana. La twiga nitalipeleka darasani kama lilivyo.

Nimalizie jibu la yule binti. Nchi mbili zikiwa jirani na hazijakubaliana, kwa bahari ya kitaifa kanuni ni mstari wa kati: kila nukta yake iko umbali sawa kutoka pwani ya huyu na pwani ya yule, isipokuwa kuwe na sababu ya kihistoria au hali maalum. Sisi na Kenya tulikubaliana mapema kabla hata ya Mkataba, kwa kubadilishana barua, moja ya Desemba 1975 na nyingine ya Julai 1976. Mstari unaanzia upande wa Ras Jimbo, rasi iliyo jirani na mdomo wa Umba, unapita kati kati, unapinda kupisha visiwa vya Mpunguti vya Kenya na kuiacha Pemba kwetu, kisha unafika nukta iliyopatikana kwa kukutanisha pinde mbili. Upinde mmoja umepigwa kutoka mnara wa taa wa Mpunguti ya Juu, mwingine kutoka mnara wa taa wa Pemba. Kuanzia nukta hiyo unakwenda mashariki moja kwa moja, juu ya latitudo ya nyuzi 4 na dakika 40 na ushei. Mwaka 2009 nchi zetu zikaurefusha kwa mkataba mwingine.

Kwa hiyo mstari unaotoka Chala ukielekea kusini mashariki, ukishaingia majini unapindapinda, unapanda kidogo kaskazini, halafu unalala.

Kaka_wa_Kiboriloni (Moshi)

Mwalimu, si tuliambiwa mpaka ulipinda Kilimanjaro kwa sababu Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Mwalimu_wa_Rau

Hadithi hiyo nami nilikua nayo, mkuu, lakini haina hati. Kilichopo ni mapatano ya 1886 ya kugawana maeneo, Wajerumani wakidai mikataba yao na machifu wa huku. Tusiifundishe kama historia.

Binti_Mang'ola (Arusha)

Naomba kueleweshwa kuhusu "bahari kuu". Kwenye habari nasikia meli zinapewa leseni ya uvuvi wa bahari kuu Tanzania. Lakini nikisoma, bahari kuu ni ile isiyo ya nchi yoyote. Tunatoaje leseni ya mahali pasipo petu?

Mwalimu_wa_Rau

Dada, swali zuri mno. Neno moja linabeba vitu viwili. Kwa matumizi yetu ya kiserikali, uvuvi wa bahari kuu ni ule wa ndani ya ukanda wa kiuchumi, nje ya bahari ya kitaifa, na ndio unaosimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao Zanzibar. Kwa Mkataba, bahari kuu inaanza ukanda huo unapokwisha. Mimi ningependa tuwe na maneno mawili, maana haki zenyewe hazifanani. Ndani ya maili 12 nchi ina mamlaka karibu kama ya nchi kavu, ila meli ya kigeni ina haki ya kupita bila madhara. Boti ya Dar kwenda Unguja, kwa mfano, haitoki kwenye bahari ya kitaifa safari nzima, kwa kuwa huku kuna pwani ya bara na kule kuna pwani ya kisiwa. Kuanzia 12 hadi 200 nchi inamiliki samaki, gesi na vilivyo chini, lakini njia ni ya wote. Meli inapita bila kumuomba mtu.

Kwa hiyo mchoraji ramani akiweka mstari mmoja tu baharini bila kusema ni wa kitu gani, amepotosha. Ningemuuliza kila mchapishaji: huu ni wa samaki, au wa mamlaka?

Mpima_wa_Sakina

Na hizo latitudo zinazolala mashariki zina kisa chake. Kenya walipokubaliana na sisi latitudo, walitaka na Somalia iwe hivyo hivyo upande wa juu. Pwani pale inaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo mstari wa kati unashuka kusini mashariki na kuibana Kenya, na latitudo inaipa nafasi. Somalia ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague mwaka 2014. Hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021. Mahakama ilisema hakuna ushahidi kwamba Somalia iliwahi kuikubali latitudo. Ikachora mstari wa kati kwenye bahari ya kitaifa, na kuanzia hapo ikausogeza kidogo kaskazini, kwa sababu ukitazama pwani ya nchi zote tatu, Somalia, Kenya na Tanzania, inabonyea kwa ndani na Kenya iko kwenye bonyeo. Kenya ilitangaza kuikataa hukumu.

Kitu kilichonishangaza kwenye hukumu ile: bikoni ya mwisho ya mpaka wa Kenya na Somalia, namba 29, jina lake ni Dar Es Salam.

Kaka_wa_Kiboriloni

Na Ziwa Nyasa je? Ramani za Malawi zinaweka mpaka ufukweni kwetu, zetu zinaweka katikati.

Mwalimu_wa_Rau

Ziwa halimo kwenye Mkataba wa bahari, mkuu. Pale ugomvi ni maneno ya mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890. Unahitaji uzi wake, tusiuchanganye na huu.

Mtoto_wa_Moa

Mwalimu, nirudi kwangu. Moa na Vanga ya upande wa Kenya ni ndugu. Bibi yangu mzaa mama ni wa Vanga. Tunazikana, tunaoana, tunavua mwamba mmoja. Mjomba wangu alikamatwa na doria, sitasema ya nchi gani, wakamwambia amevuka mpaka. Mashine ya ngalawa ikachukuliwa, nyavu zikachukuliwa. Amekaa miaka miwili akivua kwa mshipi ufukweni. Alichoniuliza ni hiki: mstari uko wapi na ningeuonaje? Sikuwa na la kumjibu. Kwenye hizo barua za 1976 hakuna neno la wavuvi?

Mwalimu_wa_Rau

Lipo, ndugu yangu, na nilipolisoma nilikumbuka watu kama nyinyi. Barua zinasema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya riziki yao wataruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Sisemi kwamba hilo pekee litamrudishia mashine, kwa kuwa hayo maneno ya mwisho ya kanuni yana uzito, na tangu hapo kuna leseni na sheria za uvuvi za kila nchi. Lakini waliochora mstari walijua kuna watu wa Moa na Vanga, wakawaandika.

Nitakutafutia nakala yake uipeleke kijijini. Mjomba azungumze na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari cha hapo kwenu, wao wanajua mlango wa kubisha wilayani.

Na la darasani: Ijumaa tulichora upya. Ramani ya 1:1,000,000, bikari imefunguliwa milimita 22, ambayo ndiyo maili 12. Kila mwanafunzi akapewa kipande chake cha pwani, anachoma ncha kwenye kila rasi na kila kisiwa anapiga upinde. Kipande cha Tanga alipewa yule binti. Pinde zikapandana kama magamba ya samaki, ule ukingo wa nje kabisa ndio mpaka wa bahari ya kitaifa. Akagundua mwenyewe kwamba ghuba nyingi hazina athari yoyote, upinde wa rasi unazifunika. Kisha akachora minara miwili ya taa, akapiga pinde zake mbili, zikakutana. Akafuta ile penseli ya Wete kwa kifutio mpaka karatasi ikalegea.

Naomba kitu kimoja. Muulize mjomba siku ile alikuwa wapi hasa. Tutamweka kwenye ramani.

Mtoto_wa_Moa

Nimempigia usiku huu. Hana namba za GPS. Anasema: "Nilikuwa na minazi ya Ras Jimbo mgongoni, Mpunguti mkono wa kushoto ninapotazama nje, na mnara wa taa wake haujajificha nyuma ya miti. Maji yalikuwa yanatoka, bamvua, na nanga ilishika mwamba kwa pima kumi na mbili."

Mwalimu_wa_Rau

Mwambie asante. Pima kumi na mbili ni kama mita 22. Kesho asubuhi naenda kwa mzee mwenye chati, tutatafuta 22 iliyo mkono wa kulia wa Mpunguti.